Hodi ya Muuzaji, na Ridhaa Itokayo kwa Haya

Baada ya kumshukuru Mwenyiezi Mngu na kumsalia Mtume wake, na jamaa zake na masahaba zake, kalima hizi zimeandikwa kwa ajili ya swali linalowakhusu ndugu wa pwani wanaokaa Uingereza, na ambalo limekwisha kuwafikia waliobaki kwao pia.

Swali ni hili: Mtu aja mlangoni pasi na kuitwa. Auza umeme, au gesi, au taa za jua. Asema mengi, na kulla akijibiwa huzidisha maneno, wala hataki kuondoka, mpaka mwenyi nyumba aona haya na kutia sahihi yake katika karatasi. Jee, mali yaliyopatikana kwa sahihi ile ni halali kwa aliyeyapata? Na mwenyi nyumba ana haki gani, na ana lawama gani?

Jawabu kwa mukhtasari ni kuwa ridhaa ni nguzo ya biashara, na haya si ridhaa. Aliyechukua mali ya mtu kwa kumtia haya, hata kama karatasi yake ni safi mbele ya kadhi, hana hoja mbele ya Mola wake. Na maelezo yake ni haya yafuatayo.

SURA YA JAMBO LENYEWE

Katika miji ya pwani kama Mombasa, Tanga na Unguja, mwenyi nyumba hachagui nani wa kumpa umeme. Waya uingiao nyumbani ni wa shirika lijulikanalo, na asiyelitaka hana pengine pa kuhamia. Uingereza si hivyo. Zamani huko nako kulla jimbo lilikuwa na muuzaji wake, lakini serikali ikafungua mlango wa mashindano daraja kwa daraja, na ilipofika mwaka 1999 kulla nyumba ilikuwa na rukhsa ya kumwacha muuzaji mmoja na kumfuata mwengine, kwa gesi na kwa umeme.

Mtu ahamapo hakuji fundi wa kung'oa kitu. Waya za njiani na mabomba ya chini ya ardhi hushughulikiwa na kampuni nyengine ambazo hazibadiliki. Umeme ni ule ule, mita ni ile ile, na taa huwaka kama ilivyowaka jana. Kinachobadilika ni jina lililo juu ya hesabu inayoletwa, na bei ya kulla kipimo.

Hapa ndipo ulipo mzizi wa fitina. Mnunuzi wa samaki hufunua shavu akatazama wekundu wake. Mnunuzi wa kitambaa hukishika kwa vidole. Mnunuzi wa nazi huitikisa sikioni. Lakini umeme wa huyu na umeme wa yule haupambanuki kwa jicho wala kwa mkono. Hauna mbivu wala mbichi. Mnunuzi hana ila maneno ya muuzaji, na bei iliyoandikwa kwa herufi ndogo. Bidhaa isiyoonekana humfanya ulimi kuwa mizani, na mizani ya ulimi ni nyepesi kuchezewa.

Makampuni yakatuma vijana kupita nyumba kwa nyumba, na mara nyingi kijana hulipwa kwa hesabu ya sahihi alizozileta. Wengine wao walisema kweli. Wengine walijifanya kuwa wametumwa na serikali, au kuwa wamekuja kusoma mita tu. Wengine waliahidi nafuu isiyokuwako, na wengine walimwambia mzee kuwa sahihi yake ni ya kushuhudia ziara, kumbe ni ya mkataba. Wako waliojikuta wamehamishwa na wao hawana khabari. Ofgem, ambalo ni baraza la kuisimamia biashara hiyo, lilitoza kampuni moja pauni 2,000,000 mwaka 2002, na mwaka 2013 likatoza nyengine pauni 10,500,000, kwa kuwauzia watu kwa maneno yasiyo ya kweli. Katika miaka ya 2011 na 2012 makampuni makubwa yakaacha kutuma watu katika milango ya wasiowaita.

Na asidhani mtu wa Mombasa au Pemba kuwa hizi ni khabari za mbali zisizomgusa. Tangu mwaka 2012 biashara ya taa za jua za kulipwa kidogo kidogo kwa simu imeenea Kenya na ikavuka mipaka yake. Muuzaji hubisha mlango, hutoa taa mfukoni akaiwasha mbele ya watoto, na watoto wakifurahi baba huona haya kukataa. Namna ya bidhaa ni nyengine, lakini mlango ni ule ule, na haya ni ile ile.

HUKUMU YA HODI

Mwenyiezi Mngu ameweka adabu ya nyumba katika Sura ya Nuru. Amewakataza waumini kuingia nyumba zisizo zao mpaka watake idhini na wawatolee salamu wenyewe, na amewaamrisha kuwa wakiambiwa warudi, warudi, na akalifanya rejeo hilo kuwa ni usafi kwao. Na Mtume (S.A.W.) amefundisha kuwa mwenyi kutaka idhini aitake mara tatu, na asipopewa aende zake. Abu Musa Al-Ash'ari alipobisha mara tatu kwa Seyyidna Umar na asijibiwe, aliondoka. Na alipoulizwa sababu, alitaja mafundisho hayo, akaleta shahidi juu yake.

Desturi ya pwani ya kupiga hodi mara tatu ina asili yake hapa. Basi natazamwe maana yake. Hodi ni ombi, na ombi lina majawabu mawili. Mtu anayebisha hali ameazimia kuwa hatakubali ila jawabu moja, huyo hakupiga hodi, amepiga vita. Na aambiwaye "Rudi" akarudi, hakudhalilishwa. Mola wake amemwambia kuwa hilo ni safi zaidi kwake. Vipi basi mwenyi nyumba aone haya kulisema neno ambalo Kurani imelipa heshima hiyo?

Wengi wa watu wa pwani wamekosea hapa. Wamelelewa juu ya ukarimu, na neno "Karibu" huwatoka kabla ya kujua ni nani aliye nje. Ukarimu ni tabia njema, na mgeni ana haki yake. Lakini haki ya mgeni ni makazi, chakula na uso mkunjufu. Kutiliwa sahihi mkataba wa mwaka mzima si katika haki za mgeni. Anaweza mtu kumpa mchuuzi maji ya baridi na kiti cha kupumzikia, kisha akamwambia kwa upole kuwa hanunui, na asiwe amevunja adabu hata moja.

UPANGA WA HAYA

Mwenyiezi Mngu amekataza watu kuliana mali kwa batili, na akavua ile biashara itokayo kwa kuridhiana. Wanavyuoni wakauliza: kuridhiana ni jambo la moyo, na moyo hauonekani, itajulikanaje? Wakajibu kuwa matamko ya kuuza na kununua ni alama yake. Kwa hivyo kadhi huhukumu kwa alama, na aliyetamka hali ni mwenyi akili, amebaleghe, na hakutiwa nguvu, bei yake hupita.

Lakini hapa yapasa kupambanua baina ya hukumu ya dhahiri na dhima ya mtu kwa Mola wake. Imamu Ghazali, katika kitabu chake cha Ihya, amemtazama mtu aombaye mali mbele ya watu, na mwombwaji akampa kwa kuona haya, hali moyo wake hautaki. Maana ya aliyoyasema ni kuwa kumpiga mtu mwilini kwa fimbo mpaka atoe, na kumpiga moyoni kwa haya mpaka atoe, mbele ya Mwenyiezi Mngu hakuna khitilafu. Na mafakihi wa Kishafi waliokuja baadaye, kama Ibn Hajar Al-Haytami, wakalithibitisha hilo, na likawa mashuhuri kuwa kilichochukuliwa kwa upanga wa haya ni haramu.

Ikisemwa: Huyo aliyetajwa na Ghazali hakutoa kitu badala ya mali aliyoyachukua, na muuzaji hutoa umeme, vipi watalinganishwa? Hujibiwa: Ndiyo, muuzaji ametoa badala. Lakini sharti ya ridhaa imewekwa katika biashara yenyewe, na biashara kulla siku ina badala. Lau badala ingetosha, isingetajwa ridhaa.

Basi ipi alama ya kuwa muuzaji amevuka mpaka? Alama ni kuwa amekwisha jua kuwa mwenziwe hataki. Kueleza bidhaa ni halali. Kuisifu kwa sifa iliyo ndani yake ni halali. Kurudia maelezo kwa asiyefahamu ni halali, na pengine ni sadaka. Lakini baada ya mtu kusema "Sihitaji", kulla neno linalozidi halielezi tena bidhaa. Linautafuta udhaifu wa mtu. Muuzaji humtazama usoni ajue anaogopa nini: aogopa kuonekana bakhili mbele ya mkewe, au aogopa kuonekana mjinga asiyejua hesabu, au ni mzee mpweke ambaye hakuna aliyemsemesha tangu asubuhi. Akilipata, hulishika hilo. Huyo hauzi umeme, huuza njia ya kutoka katika aibu aliyoileta yeye mwenyewe.

MSAFARA ULIOKUTWA NJIANI

Katika mambo aliyoyakataza Mtume (S.A.W.) ni mtu wa mjini kutoka nje kuulaki msafara wa wenyi bidhaa kabla haujafika sokoni. Kwani mtu wa njiani hajui bei ya mji, na anayemlaki huitumia hali hiyo. Na mwenyi bidhaa aliyelakiwa akauza, amepewa khiyari afikapo sokoni akajua bei.

Mwenyi kufikiri ataona kuwa mlango wa nyumba ni kama njia ile. Mtu aliye mlangoni mwake yuko nje ya soko. Hana mbele yake bei za wauzaji wengine za kulinganishia, hana mwenzi wa kumuuliza, na chungu chake ki motoni. Muuzaji yeye amekuja amejitayarisha, ana karatasi na hesabu zake. Mmoja ana silaha na mwengine amekutwa na taulo begani. Sura si ile ile, kwani pale aliyelakiwa alikuwa muuzaji na hapa ni mnunuzi, lakini sababu ya katazo ni moja: kumnyima mtu asiione bei ya soko kabla hajajifunga.

Na dawa nayo ni moja, yaani khiyari. Sahaba Habban bin Munqidh alikuwa akihadaiwa katika biashara kwa udhaifu uliompata, na Mtume (S.A.W.) akamfundisha aseme wakati wa kununua kuwa hapana hadaa, na akapewa siku tatu za kutazama. Kwa hili madhehebu ya Shafi yamejuzisha khiyari ya sharti kwa siku tatu. Na sheria ya Uingereza, tangu mwaka 2014, humpa mtu aliyetia sahihi mlangoni siku 14 za kurejea, pasi na kutoa sababu. Sheria ya Kenya ya mwaka 2012 ya kuwalinda wanunuzi nayo imeruhusu rejeo katika mikataba inayofanywa nje ya duka la muuzaji.

Ikisemwa: Siku 14 zimepita tatu, jee, Muislamu anaweza kuzitumia? Hujibiwa: Muuzaji ameingia katika mkataba hali ya kuijua sheria hiyo na kuikubali kuwa ni kanuni ya biashara yake. Kukubali kurejeshewa bei ni jambo alilolisifu Mtume (S.A.W.), na aliyemkubalia nduguye rejeo ameahidiwa kheri Siku ya Kiyama. Anayerejea kwa wakati hakumdhulumu mtu.

HOJA ZA WENYI KUUZA

Hoja ya kwanza husemwa: Mtume mwenyewe alifanya biashara, na kijana huyu atafuta riziki ya watoto wake. Ni kweli, na mkono wa mtafuta riziki ni mkono mtukufu. Lakini riziki ya halali haikufungwa katika mlango wa mtu asiyetaka. Mtume (S.A.W.) ameeleza kuwa kiapo huweza kuitembeza bidhaa na kuifuta baraka yake, na kuwa wawili wakisema kweli na wakabainisha aibu za kitu hubarikiwa katika bei yao. Kijana anayejua kuwa mkataba utapanda bei baada ya miezi kadhaa, akalinyamazia hilo, amechukua ujira akaacha baraka. Na yule aliyemtuma, akamlipa kwa kulla sahihi na asiulize ilipatikanaje, ni mshirika wake. Haisihi kwa tajiri kula tunda na kuikana mikono iliyolichuma.

Hoja ya pili husemwa: Mwenyi nyumba amefaidika, kwani bei mpya ni rahisi kuliko ya zamani. Jee, faida haiponyi kasoro ya ridhaa? Hujibiwa kwa mfano. Mtu amepita shamba la mwenziwe, akaangua nazi bila ya kumwambia, akaziuza kwa bei bora kuliko ya soko, kisha akamletea mwenyewe fedha zote asile hata senti. Faida imepatikana. Pamoja na hayo, kwa kauli yenyi nguvu katika madhehebu ya Shafi bei ile haikusihi, kwani aliyeuza hakuwa mwenyi mali wala wakili wake. Faida haizai ridhaa. Mali ya mtu hayafunguliwi ila kwa ufunguo wake, hata kama anayeingia amekuja kuweka wala hakuja kuchukua.

Hoja ya tatu husemwa: Mnunuzi ni mtu mzima, na angeweza kufunga mlango. Ni kweli kuwa angeweza, na lawama yake itatajwa. Lakini uzembe wa mwenyi mali si rukhsa kwa mwengine. Aliyesahau kufunga banda lake hakumhalalishia mtu kuku wake.

JEE, KUHAMA NI KUVUNJA AHADI?

Wako wanaoona vibaya kumwacha muuzaji wa zamani, na hili nalo hutumiwa na muuzaji wa zamani kuwafunga watu. Kununua si nikaha. Aliyenunua mchele kwa huyu miaka kumi anaweza kesho kununua kwa yule, na hakumdhulumu. Yapasa kuangalia mambo mawili tu. La kwanza, kama kuna muda waliouahidiana, na autimize, au atoe kilichoandikwa kwa anayetoka kabla ya muda, kwani Mwenyiezi Mngu ameamrisha kutimiza akdi. La pili, asihame kulikimbia deni. Umeme uliokwisha kuwaka ni mali ya watu yaliyokwisha kuliwa, na dhima haihami pamoja na mita.

Wala bei ndogo peke yake isimhadae mtu. Katika mwaka 2021 na 2022 bei ya gesi ilipanda sana, na zaidi ya kampuni 25 zilizokuwa zikiuza Uingereza zilianguka. Taa hazikuzimika, kwani wateja walihamishiwa kwa wengine, lakini wengi walijikuta katika bei ya juu kuliko ile waliyoahidiwa. Aliyeahidi bei asiyoweza kuisimamia ameuza asichokuwa nacho.

Na katika taa za jua za kulipwa kidogo kidogo, bei ya deni kuzidi bei ya taslimu si riba, ikiwa wawili wameafikiana bei moja iliyotajwa yote kabla ya kuachana. Wakiachana hali bei haijachaguliwa, bei haikusihi. Na ziada inayotozwa baadaye kwa kuchelewa kulipa, hiyo ndiyo riba iliyokatazwa. Basi muuzaji anayetaja malipo ya siku moja na kuificha jumla, na asiseme kuwa taa itafungika yenyewe malipo yakikatika, ameficha kilichokuwa wajibu kukibainisha.

WAJIBU WA MWENYI NYUMBA

Mwenyi nyumba ana lawama akiyafanya mali yake kuwa mchezo wa haya. Mali ni amana, na watu wake wana haki ndani yake. Na kuna mambo manne yanayompasa.

La kwanza, asitie sahihi siku ile ile. Achukue karatasi, alale nayo, alinganishe bei, na aulize anayejua. Muuzaji asemaye kuwa bei ni ya leo tu amemwonyesha sababu ya kumwacha.

La pili, asimwonyeshe asiyemjua hesabu yake wala nambari za mita yake, na anayedai kuwa ametumwa na shirika au serikali, alisaili shirika lenyewe kwa njia anayoijua yeye, si kwa nambari aliyopewa mlangoni.

La tatu, awafundishe watu wa nyumbani. Wauzaji hupenda kuja wakati baba hayuko. Mke ana mali yake, naye ni mwenyi amri juu yake pasi na idhini ya mtu. Lakini katika mali ya mumewe hawezi kumfunga ila kwa uwakala wake, kama vile mume asivyoweza kumfunga mke katika mali yake. Na mtoto hana akdi. Nalijulikane hilo nyumbani kabla hodi haijapigwa, ili lisiwe jambo la kugombana baada yake.

La nne, akatae kwa upole. Kijana aliyesimama juani ni mtoto wa watu. Asitukanwe wala asicheleweshwe kwa matumaini ya uwongo, kwani neno "Rudi kesho" kwa asiyetaka kununua nalo ni uwongo. "Sinunui, Mngu akujaalie kwengine" ni jawabu kamili.

KHATIMA

Wako vijana wa Kiislamu, Uingereza na hapa pwani, wanaofanya kazi hii ya kubisha milango. Hao ndio walio na haja kubwa zaidi ya kulifahamu jambo hili, kwani mwenyi nyumba atapoteza fedha, na fedha hurudi. Lakini muuzaji hulisha watoto wake kwa kilichotoka katika moyo wa mtu hali wamkataa. Naajiulize kulla mmoja, anapoondoka mlangoni na karatasi mkononi: Lau mtu huyu angeambiwa kuwa yu huru, na kuwa hapana atakayemcheka, angetia sahihi hii? Ikiwa jawabu ni ndiyo, ale kwa furaha. Ikiwa ni la, mlango hauko mbali, na kurudi kuifuta sahihi ile ni usafi zaidi kwake, kama kulivyokuwa kurudi alipoambiwa arudi mara ya kwanza.

Mwenyiezi Mngu atutosheleze sote na halali yake, na Yeye ndiye mjuzi zaidi.